Taa za Omena, Shata Wazi

Picha za kale za Kisumu ni za mchana. William Young, mpiga picha aliyefuatana na ujenzi wa Reli ya Uganda, alituachia madaraja, vituo, vibarua na wakubwa wao, wote wakiwa juani. Reli ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la Florence, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina la Kisumu lilikuwapo kabla na ndilo lililobaki. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipita katika nchi ya Wajaluo na kamera yake. Picha alizopiga ziko Oxford, katika makumbusho ya Pitt Rivers, na mwaka 2007 nakala zake zilirudishwa Nyanza kwa maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, wajukuu wakapata kuwatazama watu wa zama za babu zao. Wale nao wamesimama juani, macho yamefinywa kwa ukali wa mwanga.

Wapiga picha hao hawakuwa wavivu. Sahani za kioo, na filamu zilizofuata, zilikuwa na kiu kubwa ya mwanga. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua kwa takriban mara 400,000. Picha ambayo mchana ingechukua sehemu ya 50 ya sekunde ingehitaji zaidi ya saa mbili chini ya mbalamwezi, na hapo hujaongeza fidia. Kemikali za filamu huzidi kulegea kadiri mwanga unavyopungua, jambo ambalo mwanaastronomia Mjerumani Karl Schwarzschild alilifanyia hesabu mwishoni mwa karne ya 19. Basi mtu aliyetaka kupiga picha ya Winam, ghuba ya ziwa hili, wakati wa usiku angelazimika kukaa na kamera yake hadi usiku wa manane, na mwishowe apate weusi wenye ukungu.

Kulikuwa na njia ya mkato, nayo ilijaribiwa kwa kishindo kusini ya hapa. Carl Georg Schillings, mwindaji Mjerumani, alizunguka nyika za Afrika Mashariki ya Kijerumani na unga wa magnesi uliolipuka kwa mwako mkali. Alitega kamera penye maji, mnyama akija kunywa unga unawaka, na kwa nukta moja usiku unakuwa mchana. Kitabu chake kilitoka 1905, wasomaji wa Ulaya wakaona simba na punda milia walivyo gizani. Ukizitazama picha hizo vizuri utaona kwamba usiku wenyewe haumo. Kuna mnyama aliyeshtuka, na nyuma yake ukuta mweusi. Mwako huua giza ili kupata picha, na kwa ziwa hili mwako wa namna hiyo haufai kitu: unafika hatua chache juu ya maji, kisha unaishia hapo.

Njia ya pili ilianzia maabara, wala wenye kuianzisha hawakuwa na haja na sanaa. Mwaka 1889 huko Paris, Georges Demenÿ, msaidizi wa mwanafiziolojia Étienne-Jules Marey, alimfunga mtu taa ndogo za umeme viungoni, akamtembeza gizani mbele ya kamera iliyoachwa wazi. Mtu hakuonekana. Ulionekana mwendo wake, mistari ya mwanga inayopanda na kushuka, na daktari angeweza kusoma humo kasoro ya goti au nyonga. Huko Marekani, Frank na Lillian Gilbreth waliichukua mbinu hiyo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaipeleka viwandani. Walimvisha mfanyakazi balbu ndogo kidoleni, wakaukatakata umeme wa balbu hiyo ili mstari utoke kwa vidoti. Vidoti vikikaribiana, mkono ulikuwa unakwenda polepole. Vikiachana, ulikuwa mbioni. Frank aliwahi kuwa fundi wa kujenga kwa matofali, akajua jinsi misogeo isiyo na kazi inavyomchosha mtu.

Wasanii walikuja baadaye. Man Ray alijizungushia kalamu ya mwanga mbele ya kamera yake mwenyewe mwaka 1935. Picha zilizowafikia watu wengi zaidi ni zile za Gjon Mili, mzaliwa wa Albania aliyesomea uhandisi Marekani kabla ya kuwa mpiga picha wa jarida la Life. Mwaka 1949 alimtembelea Pablo Picasso huko Vallauris, kusini mwa Ufaransa, akamwonyesha picha za watelezaji wa barafuni waliofungwa taa kwenye viatu. Picasso alivutiwa papo hapo. Alipewa taa ndogo ya umeme, chumba kikatiwa giza, shata, yaani kilango cha mwanga cha kamera, ikafunguliwa, na mzee akachora hewani fahali na viumbe nusu mtu nusu farasi kwa mkono mmoja usiosita. Mili aliongeza kitu kimoja ambacho ndicho kinachozipa picha hizo uhai: kabla ya kufunga shata aliwasha flashi mara moja, na Picasso mwenyewe akaingia katika picha nyuma ya mchoro wake. Mstari ulitokana na taa iliyotembea, na mtu alitokana na mwako. Life ilizichapa Januari 1950.

Nimezieleza picha za Mili kirefu kwa sababu kila kitu alichokihitaji, yaani giza, taa inayotembea na mwako wa ghafla, kilikuwa kinakuja Winam kwa njia nyingine kabisa, kupitia tumbo la Nyanza.

Samaki aliyeileta taa ni omena, Waganda humwita mukene na Watanzania dagaa. Ni samaki wa fedha asiyefika urefu wa kidole, na zamani hakuwa na heshima kubwa sokoni. Walioheshimika walikuwa ngege, yaani tilapia, na wenzake. Nyavu za kunasia zililetwa Winam mwaka 1905, reli ikiwa tayari kusafirisha samaki hadi Nairobi, na haikuchukua muda mrefu ngege akaanza kupungua. Serikali ikamleta Michael Graham kutoka Uingereza kupima ziwa mwaka 1927 na 1928, naye akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi tano. Ushauri ulifuatwa kwa muda, ukaachwa. Kisha mbuta, yaani sangara, akapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kwa miaka kadhaa kabla ya kufumuka katika miaka ya 1980, akawafagia samaki wadogo waitwao fulu wa aina nyingi. Omena alinusurika. Anazaa upesi, anakua upesi, na mvuvi mdogo asiye na mtaji wa kumfuata mbuta kwenye maji makuu anaweza kumpata. Leo, ukipima kwa uzito, hakuna samaki anayevuliwa zaidi yake katika ziwa zima.

Shida ni kwamba mchana omena huzama chini. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyovila, na vijidudu hivyo hufuata mwanga wa taa. Kwa hiyo kumvua ni kazi ya taa. Uvuvi huo ulishika kasi kuanzia miaka ya 1960, karabai ilipopatikana kwa bei ambayo mwenye mashua angeweza kuimudu.

Karabai ni chombo chenye tabia yake. Unajaza mafuta ya taa chini, unapampu hadi presha ipande, mafuta yanapita kwenye mrija wa moto yakageuka mvuke, na mvuke huo unawaka ndani ya kijifuko cha nyuzi kilichoungua kikabaki majivu yanayong'aa. Kijifuko hicho kikiguswa na tone la maji kimekwisha. Hebu fikiria taa ya namna hiyo ikiwekwa juu ya chelezo cha mbao, ikaachwa ielee usiku kucha kwenye ziwa linalochafuka bila taarifa. Mvuvi hubeba vijifuko vya akiba kifuani, mahali pakavu, kwa uangalifu kuliko anavyobeba chakula.

Giza huingia ghafla hapa. Jua likizama saa kumi na mbili unusu na dakika kadhaa jioni, kufika saa moja na nusu usiku kumekwisha kuwa giza totoro, kwa kuwa Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta na jua hushuka wima bila kuzungukazunguka. Saa hiyo mashua za Mbita, Usenge na visiwa vya Rusinga na Mfangano zimekwisha kutoka. Kila moja ina watu kama wanne. Wanafika mahali walipochagua, wanawasha taa moja moja, wanazishusha majini juu ya vyelezo vilivyounganishwa kwa kamba ndefu, kila taa mbali na mwenzake. Kisha wanangoja. Wengine hulala, mmoja hukesha akitazama maji chini ya taa, kwani omena wakikusanyika uso wa maji huchemka kwa viputo na miale ya fedha. Wakiona wametosha, wanapiga kasia polepole, wanaivuta taa ya kwanza kuelekea ya pili, samaki wakiifuata. Ya pili na ya tatu zinasogezwa hivyo hivyo hadi kundi zima liko chini ya mwanga mmoja. Hapo juya lenye matundu madogo linazungushwa na kuvutwa. Kazi inarudiwa mara mbili tatu hadi alfajiri, wakati kina mama wanaonunua wanapokuwa wamekwisha kujipanga ufuoni na beseni.

Sasa weka kamera kwenye kilima cha Rusinga ukielekeza lenzi ziwani, fungua shata, uiache wazi dakika kumi. Kila hatua ya kazi hiyo itajiandika. Taa iliyotulia kwenye chelezo haitoki kama nukta. Inatoka kama fundo la nyuzi, kwa sababu mawimbi yameicheza juu chini wakati wote. Taa inayovutwa inatoka kama mstari mrefu wenye meno, kila jino likiwa kasia moja. Mashua inayorudi na tochi inapita katikati ya yote hayo kwa mstari mwembamba usiotulia. Akina Gilbreth wangeifurahia picha hiyo. Mtu anayejua kazi anaweza kukuambia humo nani alikuwa bado anangoja na nani alikuwa amekwisha kuanza kukusanya. Mbali, kwenye upeo, taa zimebanana hadi mgeni hudhani kuna mji ng'ambo ya maji, mahali ambapo ramani haina hata kijiwe.

Ndiyo maana sikubaliani sana na wapiga picha wanaozisifu picha za namna hii kama kazi ya mkono wao. Picasso alijua kuna kamera mbele yake. Mvuvi wa omena anachora bila kujua wala kujali, na mpiga picha anachofanya ni kuamua dakika ya kuanza na dakika ya kumaliza. Uamuzi huo una ufundi wake, sikatai. Ukifunga mapema unapata nukta zisizo na habari, na ukichelewa mistari inapandana hadi huwezi kutenganisha mashua na mashua.

Ufundi wenyewe uliingia Nyanza kupitia kamera za filamu, na kwa muda mrefu ulikuwa wa wachache. Kamera nyingi za zamani zilikuwa na alama ya B kwenye gurudumu la kasi, iliyotokana na pampu ya mpira ambayo mpiga picha aliibana mkononi ili shata ibaki wazi hadi atakapoiachia. Wapiga picha wa studio na wa mitaani walikuwa nayo kwenye kamera zao na hawakuwa na sababu ya kuigusa. Mkanda wa picha 36 ulikuwa mtaji wa harusi mbili, matanga na picha za vitambulisho. Nani angetumia nafasi hata moja kwa taa za omena, asubiri maabara imsafishie, halafu akute ametoa karatasi nyeusi? Aliyekuwa na uwezo wa kupoteza filamu mara nyingi alikuwa mgeni, na mgeni alifuata machweo na mashua zenye tanga.

Mwaka 2008 taa zenyewe zilianza kubadilika. Kampuni ya taa ya Ujerumani, Osram, pamoja na shirika la mazingira la Global Nature Fund, walifungua Mbita kituo cha kuchaji kwa nguvu ya jua. Mvuvi alikodi taa ya betri jioni, akairudisha asubuhi ikachajiwe, na kulipa ada ya kuchaji. Hoja ilikuwa rahisi: karabai moja hunywa karibu lita nzima ya mafuta ya taa kwa usiku, mashua ina taa kadhaa, na mafuta hayo hula pato kabla samaki hawajafika ufuoni. Kulikuwa pia na moshi, vidole vilivyoungua, na mafuta yanayomwagika majini. Haikwenda kwa mkupuo. Wavuvi waliiona taa mpya ni hafifu, au betri yake haimalizi usiku, na wengi walirudi kwenye karabai. Halafu taa za LED zikashuka bei, betri zikaimarika, mafundi wa ufuoni wakaanza kuunganisha zao kwa betri za pikipiki na vyombo vya plastiki visivyopitisha maji. Tangu 2019 kampuni ya WeTu, iliyoanzishwa na wakfu wa Siemens Stiftung, inaendesha vituo vya namna hiyo kandokando ya ziwa upande wa Kenya, taa za wavuvi zikikodishwa palepale panapouzwa maji safi.

Hesabu ya mafuta ni ya mvuvi. Kwa mwenye kamera, kilichobadilika ni rangi ya ziwa. Karabai hutoa mwanga wa manjano unaoelekea rangi ya chungwa, na picha zilizopigwa wakati wake zina joto, mistari yake kama makaa yaliyoburutwa. LED ni nyeupe yenye samawati. Kwa miaka kadhaa picha moja ilibeba rangi zote mbili, na ungeweza kuhesabu ni mashua zipi zimehama na zipi zimebaki na mafuta. Kuna wanaoililia rangi ya zamani. Mimi nadhani ni huruma ya bei rahisi kwa mtu ambaye hakuwahi kununua mafuta yale wala kuyavuta kifuani hadi alfajiri.

Kamera nazo zilikuwa zinabadilika miaka hiyohiyo. Kamera ya dijitali ilikuonyesha kosa lako palepale, bila gharama ya mkanda. Mwaka 2015 Huawei ilitoa simu ya P8 yenye programu maalumu ya kuchora kwa mwanga: simu inakusanya mwanga kidogo kidogo na kukuonyesha mstari unavyokua kwenye kioo, unaacha unaporidhika. Simu nyingine zikafuata mkondo, nyingi zikiwa na namna fulani ya kupiga usiku. Kilichobaki kununuliwa ni tripodi ya kuitegemeza, na hata hiyo vijana wa Kisumu wameikwepa kwa jiwe na mfuko wa mchanga.

Wanaokwenda Dunga au Hippo Point, fuo za Kisumu, jioni hukuta ziwa lisilo na taa nyingi kama la Rusinga, kwa kuwa mkono huu wa Winam una kina kifupi na uvuvi mkubwa wa omena uko nje, kuelekea maji makuu. Hapo ndipo vijana huchora wenyewe. Wanavaa nguo nyeusi, wanasimama mbele ya mashua iliyopandishwa ufuoni, mmoja anaizungushia mbao zake tochi polepole, huku mwenzake akihesabu kwa sauti. Aliyebeba tochi haonekani ilimradi asisimame mahali pamoja na asijimulike. Wengine hufunga nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya mchapo wa mayai, wanauning'iniza kwenye waya, wanauwasha na kuuzungusha, cheche zikaruka pande zote na kuacha mwavuli wa moto. Picha hiyo imesambaa dunia nzima na nimechoka nayo, lakini jambo linalonitia wasiwasi ni mafunjo. Dunga ni ukingo wa kinamasi, na wakati wa kiangazi mafunjo makavu na mabanda ya ufuoni hayahitaji zaidi ya cheche moja. Afadhali ifanyike juu ya zege, ndoo ya maji ikiwa karibu, na wavuvi wenye nyavu wakiwa wameombwa ruhusa.

Mji nao unakuja kuharibu. Taa ndefu za mulika mwizi zilizosimikwa masokoni na kwenye fuo nyingi zimewapa kina mama wa samaki usalama ambao hakuna picha inayostahili kushindana nao. Ila zikiwaka, shata haiwezi kukaa wazi hata dakika mbili kabla anga halijawa jeupe. Mpiga picha anabana tundu la lenzi hadi mwisho, au anatafuta kona iliyokingwa na mti. Wadudu wa ziwani wasiouma nao hufika kwa mawingu, wanaifuata taa yoyote, wanajipaka kwenye lenzi, na ukiwapangusa kwa kidole umeacha mafuta yatakayotawanya mwanga wa kila taa iliyo mbele yako. Gugumaji, lililoivamia ghuba hii katika miaka ya 1990, lina ila ya aina yake. Macho hayalioni likisogea, ila picha ya dakika kumi hulionyesha likiwa limefutika kingo zote.

Yanayolipa usumbufu huo ni mawili, na yote yanatokana na mahali penyewe. La kwanza ni nyota. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, mhimili wa anga unalala usawa wa ardhi, kaskazini upande mmoja na kusini upande mwingine. Ulaya picha ya saa nzima huonyesha nyota zikizunguka duara juu ya mlima. Ukitazama magharibi kutoka Kisumu, mistari ya nyota inashuka wima na kuingia ziwani, nyuzi 15 kwa kila saa. Mistari ya taa za wavuvi imelala, ya nyota imesimama, nayo inakutana kwenye upeo wa maji.

La pili ni radi. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea Nandi na Kericho, mawingu yakajaa huko na jioni mvua ikashuka kwa ngurumo. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye joto na unyevu haina pa kwenda ila juu. Dhoruba za usiku za Ziwa Viktoria ni miongoni mwa kali zaidi duniani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulitabiri kuwa zitazidi ukali kadiri dunia inavyopata joto. Shata ikiwa wazi huna haja ya kuiwahi radi. Inakuja yenyewe, inajichora matawi yake yote, na kwa sehemu ya sekunde inafanya ile kazi ya flashi ya Mili: mashua zilizokuwa mistari tu zinaonekana, watu wamesimama ndani, mmoja ameinama kwenye kamba. Mpiga picha yuko nchi kavu na anashangilia. Waliomo pichani wakati huo wanazima taa na kutafuta ufuo, na kila mwaka wapo wasiofika.

Kalenda ya taa hizo ina mapengo. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwanga wake huenea maji yote, omena hawana sababu ya kuikimbilia taa, na mashua hupumzika wiki nzima au zaidi, nyavu zikishonwa na madeni yakihesabiwa. Zaidi ya hapo, Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazae. Wavuvi huilalamikia sheria hiyo kwa sababu ng'ambo ya mpaka wenzao huwa wanaendelea, na omena hana pasipoti. Mpiga picha anayefika Mbita mwezi Juni akakuta giza, basi amekuta sheria ikifanya kazi. Akikuta mistari michache inayokwepa ufuo wenye doria, amekuta kitu kingine, na nadhani picha hiyo angeifikiria mara mbili kabla ya kuisambaza. Ndiyo sababu picha za namna hii zina thamani pale tu zinapoandikwa nyuma tarehe, umri wa mwezi, mahali kamera iliposimama na dakika ambazo shata ilikaa wazi. Bila hayo, giza la picha laweza kuwa mbalamwezi, marufuku, dhoruba, au samaki kwisha.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 kumeingia taa za aina ya tatu. Vizimba vya kufugia ngege vimetandazwa Siaya na Homa Bay, karibu na Anyanga, Usenge na ghuba zenye maji tulivu, na walinzi hukesha juu yake dhidi ya wezi. Taa zao hazivutwi na mtu. Zimefungwa kwenye fremu za chuma zilizotiwa nanga, na pichani zinatoka zimejipanga kwa safu, zimetikisika kidogo tu. Wavuvi wa omena wanasema vizimba vimechukua maji waliyokuwa wakitegea taa, wenye vizimba wanasema wana vibali, na kamati za fuo zimekalia mashauri hayo zaidi ya mara moja. Picha ya dakika kumi kutoka kilimani inaonyesha mpaka wenyewe ulipo: safu nyeupe zilizonyooka karibu na ufuo, na nje yake mistari yenye meno ya makasia, inayofika kwenye safu hizo, inapinda, na kuendelea kuelekea Mfangano.